Mfuko wa urea unaozama chooni

Vitanda vya kokoto na matete vyaweza kuokoa visima, lakini mwenye shamba afikiri mara mbili kabla ya kuitupa naitrojeni yake

WATU 10 wanaoishi katika nyumba moja ya kupanga hutupa chooni karibu mfuko mzima wa mbolea kila mwaka, na wengi wao hawajui. Hesabu yenyewe si ngumu. Makadirio ya wataalamu wa usafi wa mazingira, yaliyofanywa kwa kuangalia chakula kinacholiwa nchini Uganda, yanaonyesha kuwa mtu mmoja hutoa takribani kilo 2.5 za naitrojeni kwa mwaka. Zaidi ya kilo 2 kati ya hizo hutoka katika mkojo. Mfuko wa urea wa kilo 50, ambao mkulima huununua dukani kwa jasho, una naitrojeni kilo 23.

Naitrojeni hiyo haipotei. Huingia kwenye karo, hupita kwenye shimo la kunyonyea na kuzama ardhini. Mahali penye shamba chini ya nyumba, migomba huifaidi. Lakini mahali ambapo nyumba zimebanana, na kila ua una choo upande mmoja na kisima upande mwingine, mbolea hiyo hurudi mezani ndani ya glasi ya maji.

Ndiyo sababu kilimo cha matete ndani ya kokoto, ambacho wataalamu hukiita ardhioevu ya kujengwa, kimekuwa kikizungumzwa na wahandisi wa maji wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Ni teknolojia isiyohitaji dawa, na mara nyingi haihitaji hata umeme. Hata hivyo, wengi wanaoijenga hawajui inafanya nini hasa na naitrojeni, na matokeo yake hujenga kitanda kisichofaa kwa shida waliyo nayo.

Hatari isiyoonekana

Maji yanayotoka kwenye karo huwa na naitrojeni nyingi katika umbo la amonia. Yakifika kwenye udongo wenye hewa, vijidudu huigeuza amonia kuwa nitrati. Nitrati haina rangi, haina harufu, na kwa kiasi kinachopatikana visimani mtu hawezi kuitambua kwa ladha. Mwenye kisima huona maji maangavu na kuyasifu.

Tena nitrati haina tabia ya vijidudu vya magonjwa. Vijidudu vingi hunaswa na udongo na kufa njiani, ndiyo maana watu hushauriwa kuchimba kisima mbali na choo na upande wa juu wa mteremko. Nitrati husafiri na maji popote yaendako. Kwenye ardhi ya kichanga, au ile ya mwamba wa matumbawe kama iliyoko sehemu nyingi za Zanzibar na pwani, maji hupenya haraka na udongo hauna nafasi ya kuyazuia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kikomo hicho kimewekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji yenye nitrati nyingi anaweza kupata tatizo la damu kushindwa kubeba oksijeni, akabadilika rangi na kuwa wa samawati midomoni na kwenye ngozi. Asipowahiwa, anaweza kufa.

Jambo ambalo mama wengi hawajaambiwa ni kwamba kuchemsha maji hakuondoi nitrati. Kuchemsha huua vijidudu, na hilo ni jema. Lakini maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, nitrati hubaki palepale, na kila lita iliyosalia huwa nayo zaidi kuliko mwanzo. Vidonge vya klorini navyo haviigusi.

Kwa mfanyabiashara anayeuza maji ya kisima kwa ndoo, hili ni suala la biashara pia. Kisima kikipimwa na kukutwa na nitrati iliyopita kikomo, hakuna dawa ya kumwaga ndani yake ikaisha. Njia ya uhakika ni kuzuia kisiingie kingine, na kusubiri.

Si matete yanayokunywa

Wazo la kutumia mimea ya majini kusafisha majitaka lilianzia Ujerumani. Katika miaka ya 1950, Käthe Seidel, mtafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Plön, alianza majaribio ya kupitisha maji machafu kwenye mimea ya ziwani. Baadaye Reinhold Kickuth aliendeleza mfumo wa vitanda vilivyojazwa udongo. Vitanda hivyo vya udongo viliziba mara kwa mara, maji yakapita juu juu badala ya kupita ndani, na wahandisi waliofuata wakahamia kwenye kokoto. Ni funzo ambalo bado lina thamani kwa fundi wa leo anayeshawishika kujaza kitanda chake udongo kwa sababu ni bure.

Watu wengi wanaoona kitanda cha matete kilichostawi hudhani mimea ndiyo inayonyonya uchafu wote. Sivyo. Mimea huchukua naitrojeni kiasi, na isipokatwa na kuondolewa, majani huoza palepale na kuirudisha majini. Kazi kubwa hufanywa na vijidudu visivyoonekana, vilivyojibandika kwenye kokoto na mizizi.

Kazi hiyo ina hatua mbili, na kila moja hutaka mazingira yake. Hatua ya kwanza ni kugeuza amonia kuwa nitrati. Vijidudu vinavyofanya hivyo vinahitaji hewa, tena nyingi: kila kilo 1 ya naitrojeni iliyo katika amonia hudai zaidi ya kilo 4 za oksijeni. Hatua ya pili ni kugeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, ileile inayojaza asilimia 78 ya hewa tunayovuta, ikapaa bila madhara. Vijidudu vya hatua hii hufanya kazi mahali pasipo na hewa, na ni lazima vipate chakula chenye kaboni, yaani uchafu wenyewe uliomo katika majitaka.

Hapo ndipo penye kitendawili. Hatua ya kwanza inataka hewa na maji yaliyokwisha kupungua uchafu, ya pili inataka kukosa hewa na kuwepo uchafu. Kitanda kimoja hakiwezi kuzifanya zote mbili vizuri.

Vitanda viwili, kazi mbili

Kitanda kinachojulikana zaidi katika nchi zetu ni cha mlalo. Maji huingia upande mmoja, hutambaa chini ya kokoto na kutokea upande wa pili. Kokoto hujaa maji saa zote, hivyo hewa ni haba. Kitanda hiki ni hodari kwa kuchuja uchafu, kupunguza vijidudu vya magonjwa na kuondoa harufu. Kwa upande wa naitrojeni, uzoefu wa nchi nyingi unaonyesha kuwa huondoa takribani asilimia 40 hadi 50, kwa sababu amonia haipati hewa ya kutosha kugeuka nitrati.

Kitanda cha wima ni tofauti. Maji humwagwa juu yake kwa mafungu, mara kadhaa kwa siku, yakashuka kupitia mchanga mkubwa hadi kwenye bomba la chini. Kati ya fungu moja na jingine, hewa huvutwa ndani. Kitanda cha namna hii kikitunzwa kinaweza kugeuza sehemu kubwa ya amonia kuwa nitrati. Lakini huishia hapo. Maji yanayotoka ni masafi kwa macho, hayanuki, na yamejaa nitrati. Mtu akiyaelekeza kwenye shimo lililo karibu na kisima, atakuwa amejenga kiwanda cha kuharibu maji yake mwenyewe.

Anayetaka naitrojeni iondoke kweli huunganisha yote mawili: kitanda cha wima kwanza, kisha cha mlalo. Njia nyingine ni kurudisha sehemu ya maji yaliyotoka kwenye kitanda cha wima hadi chumba cha kwanza cha karo kwa pampu ndogo. Humo hakuna hewa na uchafu ni mwingi, na nitrati hugeuka gesi na kupaa.

Yaliyofanyika nyumbani

Afrika Mashariki si mgeni katika jambo hili. Jijini Nairobi, majitaka ya hoteli ya Carnivore na bwawa la kuogelea la jirani yake yaliwekewa ardhioevu ya kujengwa mwaka 1994, ikiwa na kitanda cha kokoto na mabwawa yaliyopandwa mimea, na ikawa bustani ya kupendeza macho. Mombasa, Gereza la Shimo la Tewa nalo lilijengewa mfumo wa aina hiyo ili kupunguza majitaka yanayoingia baharini.

Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza utafiti wa mabwawa ya majitaka na ardhioevu za kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kutokana na kazi hiyo, vitanda vilijengwa katika taasisi mbalimbali, vikiwemo vya Chuo cha Ualimu Kleruu na Shule ya Sekondari Ruaha mkoani Iringa. Baadaye Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ya Arusha ikaingia katika utafiti huohuo.

Mfano unaowahusu wakulima zaidi uko Moshi. Huko Mabogini, majitaka ya mji hupita kwenye mabwawa na ardhioevu, na wakulima wa mpunga walio upande wa chini wamekuwa wakiyatumia kumwagilia. Kwao naitrojeni iliyobaki ndani ya maji si sumu. Ni mbolea ambayo hawakuilipia.

Uitoe au uitumie?

Hapo ndipo lilipo swali ambalo kila mwenye nyumba anapaswa kulijibu kabla ya kumwita fundi. Je, naitrojeni ya nyumba yake ni uchafu wa kuondoa au ni mali ya kutumia? Jibu liko kwenye ukubwa wa eneo lake na umbali wa kisima.

Tuchukue ile nyumba ya wapangaji 10. Kwa mwaka hutoa kilo 25 za naitrojeni. Shamba la mahindi linalopewa kilo 100 za naitrojeni kwa hekta lingehitaji robo hekta, yaani zaidi kidogo ya nusu eka, ili kuitumia yote. Mwenye eneo kama hilo, lililo na migomba, majani ya tembo kwa ajili ya ng'ombe, au mahindi, hana sababu ya kugharimia kitanda cha wima na pampu ya kufukuza mbolea hewani. Kinachomfaa ni kitanda cha mlalo kitakachochuja uchafu na kupunguza vijidudu, kisha maji yaende shambani yakiwa bado na naitrojeni yake.

Sasa tuichukue nyumba hiyohiyo na kuiweka kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 mjini. Hata kama nusu ya naitrojeni imepotea njiani, zinabaki kilo 12.5 kwenye mita za mraba 400. Hiyo ni sawa na kilo 312 kwa hekta, zaidi ya mara tatu ya mahitaji ya mahindi, na hapo bado nyumba yenyewe imekalia sehemu ya kiwanja. Migomba mitano ya uani haiwezi kuimaliza. Inayobaki itakwenda kisimani, cha mwenye nyumba au cha jirani. Hapo kuiondoa ni wajibu.

Vipimo vya mwenye nyumba

Kwa nchi za joto, vijidudu hufanya kazi haraka kuliko Ulaya, hivyo kitanda huwa kidogo. Miongozo ya wahandisi hutaja takribani mita 3 za mraba kwa mtu mmoja kwa kitanda cha mlalo, na mita moja hadi mbili kwa cha wima.

Familia ya watu 6 itahitaji kitanda cha mlalo cha mita za mraba 18, kwa mfano mita 6 kwa 3. Kina huwa sentimita 60. Hiyo ni karibu mita za ujazo 11 za kokoto, au zaidi kidogo ya malori mawili ya tani 7. Kokoto ndiyo gharama kubwa, pamoja na kitu cha kuzuia maji yasivuje: zege, udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, au turubai nzito la plastiki. Kitanda kisichozuiwa kuvuja chini ni shimo la kunyonyea lililopambwa kwa matete, na halina faida kwa kisima.

Mambo haya yazingatiwe:

Kwanza, karo litangulie. Majitaka hayaingii kwenye kitanda moja kwa moja kutoka chooni. Ni lazima yapite kwenye karo lenye vyumba viwili au zaidi ili tope lizame. Karo linyonywe kabla halijajaa, la sivyo tope litahamia kwenye kokoto.

Pili, jikoni pawe na mtego wa mafuta. Mama lishe, mwenye hoteli na mwenye gesti wazingatie hili zaidi ya wote. Mafuta ya kukaangia huziba kokoto upesi, na kitanda kilichoziba hakina dawa isipokuwa kufukua, kuosha kokoto na kuanza upya.

Tatu, kokoto zioshwe na ziwe za ukubwa unaolingana, milimita 10 hadi 20. Mahali pa kuingilia na kutokea maji pawekwe mawe makubwa ili maji yasambae.

Nne, maji yabaki chini ya uso wa kokoto. Bomba la kutokea liwe la kiko kinachoweza kuinuliwa au kushushwa, ili kiwango cha maji kiwe sentimita kadhaa chini ya kokoto za juu. Maji yakionekana juu, mbu watazaliana na majirani watakuwa na haki ya kulalamika.

Tano, panda mimea ya kwenu. Matete na mafunjo ya bondeni yanafaa. Vipande vya mizizi vinne kwa mita ya mraba vinatosha kuanzia. Magugu maji yasikaribishwe hata kidogo, kwani Ziwa Victoria limeteswa nayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na majitaka yenye naitrojeni na fosforasi ni miongoni mwa vitu vinavyoyanenepesha.

Sita, kata na uondoe. Matete yaliyokomaa yakatwe na kutolewa nje ya kitanda. Kwa mjasiriamali hapa kuna kipato kidogo: matete hununuliwa kwa ajili ya uzio, dari na vibanda, na mafunjo hufumwa mikeka na vikapu.

Tahadhari kwa wamwagiliaji

Maji yaliyotoka kwenye kitanda si maji ya kunywa, hata yakiwa maangavu kama ya chemchemi. Vijidudu vya magonjwa hupungua lakini haviishi vyote. Yasimwagiliwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi, kama nyanya na matango ya kachumbari. Yapelekwe kwa mfereji au bomba kwenye shina, si kwa kurushwa juu ya majani. Anayeyatumia avae viatu vya mpira na anawe mikono kwa sabuni. Mazao yanayofaa ni migomba, mipapai, miti, majani ya mifugo na nafaka.

Mkulima anayetumia maji hayo apunguze mbolea ya dukani. Akiongeza urea ileile aliyozoea juu ya naitrojeni iliyomo kwenye maji, mpunga utanenepa majani na kulala, na ziada itazama ardhini kama ile ya mjini.

Anza kwa kupima

Kabla ya kununua lori la kwanza la kokoto, mwenye kisima anashauriwa kupima maji. Tanzania, Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na kipimo cha nitrati ni miongoni mwa vipimo vya kawaida. Aombe kipimo cha nitrati kwa jina, maana kupima vijidudu peke yake hakutamwonyesha. Pia aulize kama jibu limeandikwa kwa nitrati yenyewe au kwa naitrojeni iliyo ndani yake, kwa sababu miligramu 50 za nitrati ni sawa na miligramu 11 tu zikihesabiwa kama naitrojeni. Wengi wamefurahia namba ndogo wasijue imeandikwa kwa kipimo kipi.

Jibu likipita kikomo, mtoto mchanga apewe maji kutoka chanzo kingine siku hiyohiyo. Kitanda cha matete hakitasafisha kisima kesho yake, kwani nitrati iliyokwisha kuingia ardhini huchukua muda mrefu kuondoka. Kitakachofanyika ni kuzuia mfuko wa mwaka huu usifuate ule wa mwaka jana.

Na kwa kuwa maji ya chini ya ardhi hayajui mipaka ya viwanja, mmoja akijenga na majirani 20 wakaendelea na mashimo yao, kisima kitabaki vilevile. Mitaa iliyobanana ingefaa kuchangia kitanda kimoja mahali pa chini, kama wanavyochangia ulinzi. Wenye nyumba wakishakaa pamoja na kuhesabu mifuko ya urea inayozama chini ya mtaa wao kwa mwaka, huenda wakaona kokoto si ghali sana.